Dizaini sistimu yetu ina miaka mitatu na imeanza kuoza, tuiokoe au tuanze upya?

Pikseli_Tandika:

Wakuu habari za jioni, kuna jambo linanikosesha usingizi wiki ya tatu sasa, nimeona nililete humu maana najua kuna watu wameshapitia haya.

Nipo kwenye kampuni ndogo hapa Dar, tunatengeneza mifumo ya vikoba, saccos na wakopeshaji wadogo. Tuna apu ya mteja, apu ya ofisa mikopo anayezunguka mtaani, na mifumo miwili ya ofisini inayofunguliwa kwenye kompyuta. Madevelopa sita, dizaina mmoja ambaye ndo mimi. Kabla sijaja kulikuwa na dizaina wa mkataba, kijana anayejua kazi yake kwa kweli, akawajengea dizaini sistimu iliyokamilika, yaani seti moja ya vipande na sheria za mwonekano ambayo apu zote zinachota, faili la Figma (programu ya kuchorea skrini) limepangwa mpaka raha, komponenti (vipande kama batani na kadi) 40 na kitu, rangi, saizi za maandishi, nafasi, na developa mmoja akaziandika zote kwenye React, maktaba ya kodi ya kujengea skrini. Mkataba ukaisha akaondoka, yule developa naye akapata kazi kwingine, na tangu hapo ukiuliza hii kitu ni ya nani kila mtu anamtazama mwenzake.

Sasa mwezi huu kaja mteja mkubwa anataka apu ile ile ila kwa rangi zake, chungwa badala ya bluu yetu. Nikamwambia bosi siku mbili tu nimemaliza, si tuna sistimu bwana. Nafungua kodi nakuta #1565C0, heksi yaani namba ya ile bluu yetu, imeandikwa kwa mkono sehemu 212. Nikaanza kutazama batani, nikakuta kuna Batani, kuna BataniMpya, kuna BataniMpya2, na kuna BataniMikopo ambayo kaitengeneza developa wa apu ya maofisa. Nikamfuata kumuuliza kwanini hakutumia ile ya kwanza, akanionyesha kwenye simu yake, ile ya kwanza ilifungwa upana wa pikseli 120 kwa sababu ilichorwa na maneno ya Kiingereza, Save, Pay, Cancel, ukiweka "Thibitisha malipo" inakatika inabaki "Thibitisha ma" na nukta tatu. Ofisa wa mikopo anasimama na mteja wake juani anauliza hii inathibitisha nini. Kwahiyo jamaa akakopi faili, akatoa ule upana, kazi ikaenda. Simlaumu kabisa, alitakiwa aikabidhi Ijumaa na hakukuwa na mtu wa kumuuliza.

Bosi anasema futa yote tuanze upya, ananipa miezi mitatu. Wengine wangeshangilia ila mimi moyo unasita, naona kama baada ya miaka mitatu nitakuwa nimerudi hapa hapa. Nachotaka kujua kwenu ni hivi vitu vinaishije, nani anakuwa mwenye mali, nani anaruhusiwa kubadilisha, na zile za zamani mnaziondoaje bila kuvunja apu ambayo watu wanalipia mikopo kila siku. Natanguliza shukrani.

FundiRangi:

Mkuu pole sana, na usianze upya. Nakuambia hivi kwa sababu nilishakuwa sehemu tukaanza upya, baada ya mwaka tukawa na ya zamani, na mpya, na ya katikati ambayo watu waliitengeneza wakati wanasubiri mpya iishe. Apu nne haziwezi kuhama siku moja, na wakati unajenga miezi mitatu wenzako hawakai wamekunja mikono, wanaendelea kukopi na kubandika.

Kabla ya kuandika mstari wowote fanya hesabu ya ulichonacho. Brad Frost, dizaina wa wavuti, aliliandika hili tangu 2013 na mpaka leo sijaona njia bora zaidi, unapita kila skrini unapiga picha, unakata batani zote unaziweka ukurasa mmoja, fomu zote ukurasa mmoja, rangi za kijivu zote ukurasa mmoja. Alafu print kwenye A3 ubandike ukutani pale bosi anapopita kwenda kunywa chai. Bosi hasomi kodi ila batani kumi na kitu zisizofanana ataziona.

Baada ya hapo ndo tokeni, yaani majina yanayobeba uamuzi wa dizaini kama rangi. Neno lenyewe lilizaliwa kampuni ya Salesforce kwa dizaina anayeitwa Jina Anne na wenzake mwaka 2014 hivi, walikuwa na wavuti, na Android, na iOS, na kila mmoja anaandika rangi kivyake, wakaamua uamuzi uandikwe sehemu moja kisha kila jukwaa lichote pale. Ila wengi wanakosea kwenye majina. Unakuta mtu kaita tokeni "bluu-kuu", anaona kamaliza. Siku anakuja mteja wa chungwa unafanyaje? Nimekuta kwa macho yangu mfumo ambao bluu-kuu thamani yake ni kijani, na developa mpya anaulizwa kwanini kaweka kijani anasema mimi nimeweka bluu.

Zipange ngazi tatu. Chini kabisa kuna rangi tupu, bluu-700 ni #1565C0, hiyo hakuna skrini inaigusa moja kwa moja. Juu yake kuna kazi, rangi-ya-kitendo ni bluu-700, rangi-ya-hatari ni nyekundu-600. Juu tena kuna komponenti, usuli-wa-batani ni rangi-ya-kitendo. Akija mteja wako wa chungwa unashika ile ngazi ya katikati tu, unasema kwa huyu rangi-ya-kitendo ni chungwa-600, na batani zote, linki zote, visanduku vya kutiki vyote vinafuata bila wewe kuvigusa.

Figma ina variables, ndo tokeni zake, tangu 2023, na zina modi, unaweka modi ya bluu na modi ya chungwa kwenye faili moja. Upande wa kodi kuna Style Dictionary iliyoanzia Amazon, unaandika faili moja la JSON (data kwa maandishi) linakutolea CSS ya wavuti, na XML ya Android, na ya iOS. Na sasa hata muundo wa hiyo JSON umekubaliwa, kile kikundi cha tokeni cha W3C, shirika la viwango vya wavuti, kilitoa toleo lake la kwanza thabiti Oktoba 2025, kwahiyo ukiandika kwa muundo huo hufungwi kwenye chombo kimoja.

dada_wa_fomu:

Nawasalimu kutoka Uingereza. Mimi kazi yangu ni kutengeneza fomu za huduma za serikali za huku, naishi ndani ya GOV.UK Design System, dizaini sistimu ya tovuti za serikali, kila siku ya kazi, nitasema ninachokiona kwa jicho la mtumiaji maana wengi wanaongelea upande wa mjenzi tu.

Ilizinduliwa 2018, na hapo kabla kulikuwa na vitu vitatu tofauti, GOV.UK Elements, GOV.UK Template na Frontend Toolkit, na huduma nyingi zilikuwa zimejengwa juu yake. Walichofanya wakaweka hali ya kuruhusu mpya na ya zamani zikae ukurasa mmoja bila kugombana, na hiyo hali ikaachwa kwa miaka, wakatoa taarifa mapema kwamba itaondoka, ikaondoka toleo la 5 lililotoka Desemba 2023. Kwahiyo timu yenye watu wawili na bajeti ndogo ilipata muda wa kuhama chumba kimoja kimoja. Ukiniuliza mimi hilo ndo jibu la swali lako la kuondoa za zamani, unatangaza, unaziacha zikae pembeni ya mpya kwa muda unaojulikana, na unaonya pale pale mtu anapofanya kazi. Wao onyo lao linatokea wakati unajenga kodi, linakuambia kitu hiki kinaondoka, tumia kile. Huhitaji kusoma tangazo kokote, linakufuata mezani.

Kingine ni matoleo. Wanafuata ile ya namba tatu, ya kwanza ikipanda ujue kuna kitu kitavunjika, ya pili kimeongezwa kitu, ya tatu kimerekebishwa. Inaonekana ndogo ila ndo inayonifanya niapdeti bila hofu. Nikiona namba ya mwisho imepanda naapdeti nikiwa nakunywa chai, nikiona ya kwanza imepanda natenga siku nzima na nasoma maelezo. Sehemu zisizo na namba watu hawaapdeti kabisa, wanagandisha toleo la zamani, na sistimu inakufa hivyo bila mtu kuiua.

Na hili la rangi limenikumbusha, Juni 2025 GOV.UK ilibadilisha mwonekano, ile kichwa nyeusi ya juu ikawa bluu na nembo ikabadilika. Mabadiliko yalitumwa ndani ya toleo la kawaida kabla ya siku yenyewe yakiwa yamezimwa, unaapdeti mapema, hakuna kinachoonekana, siku ikifika unawasha. Sisi tuliwasha kwa mabadiliko madogo mno. Hilo linawezekana tu kama kichwa kile hukukikopi ukakibandika kwako.

Nani anaruhusiwa kuongeza? Mtu yeyote anaweza kupendekeza, orodha ya mapendekezo iko wazi GitHub, mtandao wa kuhifadhia kodi, ila lazima uonyeshe kwamba kitu kinahitajika na huduma zaidi ya moja na hakirudii kilichopo. Kikishatengenezwa kinapimwa kama kinatumika na watu wa kweli, kinaendana na vingine na kinafaa mazingira tofauti. Mfano mdogo, tarehe ya kuzaliwa wanatumia visanduku vitatu vya kuandika, siku, mwezi, mwaka, hakuna kalenda ya kuchagua. Dizaina mgeni anaona ni ushamba anataka kuleta kalenda yake. Anafungua ukurasa wa komponenti anakuta imeelezwa itumike lini na isitumike lini, mwaka wako wa kuzaliwa unaujua kwa kichwa, kwenye kalenda unabonyeza kurudi nyuma miaka arobaini. Sababu ikiwa imeandikwa ubishi unaisha dakika mbili. Kwenu sababu za yule kijana wa mkataba ziliandikwa wapi? Nadhani aliondoka nazo.

Na Wizara ya Sheria ya huku wana yao, NHS, huduma ya afya ya taifa, wana yao, zote zimesimama juu ya msingi ule ule wakaongeza vyao vya kipekee. Hakuna aliyelazimishwa kubanana.

Kodi_na_Kahawa:

Niaje watu wangu, hapa Nairobi. Nimesoma ya dada na ni tamu kweli, lakini tukumbuke ile ni serikali nzima, wako na timu ya kudumu inaamka kila siku kufanya hiyo kazi pekee. Huyu mwenzetu ni dizaina mmoja na madevelopa sita, akijaribu kuweka kamati ya mapendekezo hiyo kamati itakaa mara mbili ife.

Mimi naamini kwa timu ndogo kitu ya kwanza ni jina la mtu. Usiandike "timu ya dizaini", andika jina moja kwa kila komponenti, na huyo mtu apewe saa zinazojulikana. Sisi tulitenga Alhamisi baada ya lunch, watu wawili kwa zamu, dizaina mmoja developa mmoja, na hizo saa zimeandikwa kwa mpango wa kazi kama kazi nyingine yoyote. Kabla ya hapo ilikuwa "ukipata nafasi" na hakuna mtu amewahi kupata nafasi. Ukimwomba bosi miezi mitatu anakupa kwa sababu inaonekana kama mradi, ina mwanzo na mwisho, lakini wewe mwambie hutaki miezi mitatu, unataka saa nne kwa wiki bila mwisho. Ataguna, lakini piga hesabu mbele yake, saa nne kwa wiki mwaka mzima ni saa 208, miezi mitatu ya mtu mmoja ni saa karibu 500. Unamwomba chini ya nusu.

Ngazi tatu za FundiRangi mimi sikubaliani nazo kwa sasa, samahani ndugu yangu. Ngazi ya komponenti iache mpaka siku itahitajika. Nimeona timu ya watu watano wako na tokeni mia nane, hakuna mtu anakumbuka tofauti ya usuli-wa-batani-ukishikwa na usuli-wa-batani-ukibonyezwa, wakarudi kuandika heksi kwa mkono kwa sababu ni haraka. Ngazi mbili, rangi tupu na kazi, zinatosha kabisa kwa wateja wawili.

Kuziondoa za zamani ni hivi. Kwanza weka sheria kwa linti (programu ya kukagua kodi) inayokataa heksi yoyote mpya nje ya faili la tokeni, ile 212 isiongezeke hata moja, hiyo ni kazi ya nusu siku. Alafu kila Ijumaa mtu ahesabu, ni grep tu (amri ya kutafuta neno kwa kodi), BataniMpya iko sehemu ngapi, heksi zimebaki ngapi, iandikwe mahali wote wanaona. Sisi namba ilikaa bila kushuka wiki mbili, tukaja kujua kuna skrini moja ya ripoti kila mtu anaiogopa. Tukaifanya wawili pamoja, ikaisha. Na zile za kubadilisha jina tu usibadilishe kwa mkono, andika skripti ipite faili zote, dakika kumi.

Kitu ya mwisho, kabla useme komponenti imekamilika ijaribu kwa simu ya RAM giga moja, na maandishi ya simu yameongezwa saizi mpaka mwisho kwa settings. Wateja wengi wa mikopo ni wazee, maandishi wameyakuza. Ile batani ya 120 ingekamatwa siku hiyo hiyo.

Pikseli_Tandika:

Wakuu asanteni, nimesoma yote mara mbili, na ile ya saa 208 nimeinakili kama ilivyo maana kesho nina kikao.

Nimefanya hesabu mbili tatu tangu jana. Batani tofauti ni 14. Rangi za kijivu ni 31, nyingine zimepishana namba moja tu, huwezi kuziona kwa macho. Fomu ya kuingiza kiasi cha fedha zipo tatu, moja inaweka koma 1,200,000, nyingine haiweki, na hii imenitisha kidogo kwa sababu ni pesa za watu, mtu anaongeza sifuri na haoni.

Ila nimekwama sehemu. Nimejaribu kufanya alivyosema FundiRangi kwenye faili la majaribio, nikabadilisha rangi-ya-kitendo kuwa chungwa ya mteja, #FF6600, kila kitu kikageuka dakika moja, nilifurahi mpaka nikamwita mwenzangu. Alafu nikatoka nje na simu kwenye jua la saa saba, maandishi meupe juu ya ile chungwa hayasomeki. Kwenye bluu hatukuwahi kupata hili. Sasa hii ni shida ya tokeni au ya mteja?

FundiRangi:

Ni shida ya tokeni, na kosa ni langu sikukumalizia. Ngoja nikupe namba za tofauti ya mwanga kati ya maandishi na usuli. Nyeupe juu ya bluu yenu ni kama 5.7 kwa 1. WCAG, ile miongozo ya kufanya wavuti itumike na watu wote, inataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Nyeupe juu ya #FF6600 ni 2.9 kwa 1, haifiki hata ile 3 ya maandishi makubwa. Nyeusi juu ya chungwa hiyo hiyo inafika 7 kwa 1, inasomeka vizuri tu.

Maana yake rangi-ya-kitendo haiwezi kutembea peke yake, lazima iwe na mwenzake, iite maandishi-juu-ya-kitendo. Kwa bluu mwenzake ni nyeupe, kwa chungwa mwenzake ni nyeusi. Material, dizaini sistimu ya Google, wanafanya hivi hivi, kila rangi ina pacha wake wa kukaa juu yake. Batani haijui kama ni nyeupe au nyeusi, inaomba jozi. Alafu weka jaribio linalopima kila jozi kwa kila mteja, ikishuka chini ya 4.5 kodi isipite. Mteja wa tatu akija na njano yake utajua kabla hujatoka nje na simu. Na linki zenye maandishi ya chungwa juu ya usuli mweupe zitakusumbua vile vile, hizo zitafutie chungwa iliyokolea zaidi, ipewe jina lake, rangi-ya-linki.

Kuhusu ngazi ya tatu nakubaliana na wa Nairobi, anza na mbili. Mimi nimezoea kazi za brandi nyingi, nilisahau ukubwa wa timu.

Bi_Pindo:

Asalaam alaykum. Mimi niko Unguja, nimefanya kazi za kuchora muda mrefu kabla ya hizi za skrini, na nimesoma uzi huu wote nikaona mmeongea sana rangi na majina ila hamjagusa umbo. Kwa uzoefu wangu sistimu inaoza kwenye umbo kabla haijaoza kwenye rangi.

Tazameni kanga, au leso kwa wenzetu wa Mombasa. Ina pindo kuzunguka pande zote, ina mji katikati, ina jina pale chini ya mji. Bibi yangu alivaa hivyo, mimi navaa hivyo, na wiki hii hii madukani Darajani kuna kanga mpya ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Mchoraji anaweka korosho au maua au nyota kwenye mji, analipanua pindo au analipunguza, jina linabadilika kila toleo, na bado ukiiona kwa mbali unajua ni kanga. Hakuna aliyeuliza ruhusa kuweka korosho. Lakini hakuna anayelitoa pindo.

Sasa mdogo wangu fungua komponenti yenu ya kadi, ile inayoonyesha mkopo. Nina hakika utakuta imejaa swichi, niMkopo, imechelewa, onyeshaIkoni, bilaMstari, ndogo, inaBatani, inaBataniMbili. Kila mtu alipohitaji kitu kidogo aliongeza swichi moja, hakuna aliyevunja kitu, na kila moja ilikuwa na haki. Lakini swichi saba za ndiyo na hapana ni hali 128, na hakuna mtu duniani amewahi kuzitazama zote. Siku moja mkopo uliochelewa wenye batani mbili bila mstari unatokea na maandishi yamepandiana, mnaongeza swichi ya nane kuurekebisha.

Ijengeni kadi kama kanga. Pindo ni lenu, kona, nafasi ya ndani, kivuli, usuli, hilo halina swichi. Katikati acheni mji, nafasi tupu ambayo developa anaweka anachotaka kutoka kwenye vipande vidogo vilivyopo, jina la mkopaji, kiasi, tarehe. Chini sehemu ya vitendo, inapokea batani, moja au mbili ni juu yake. Kadi haina haja ya kujua mkopo ni nini. Mwakani mkileta bima au akiba, kadi ni ile ile na hamjaigusa.

Kuna hatari yake, mji ukiwa wazi sana kila mtu ataweka soko zima ndani. Hapo dawa yangu ni mifano, na iwe ya kweli. Msiweke maneno ya kujazia. Wekeni jina la mtu lenye maneno manne, wekeni TSh 12,450,000, wekeni "Omba kuongezewa muda wa marejesho" kwenye batani. Dizaini iliyochorwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza ikaja kutafsiriwa ni kama nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Ile pikseli 120 yenu ilikosewa siku ya kwanza kwenye Figma, wala si kwenye kodi.

Kodi_na_Kahawa:

Bi_Pindo hii ya kadi umenimaliza, yetu nimetoka kuihesabu saa hii, swichi kumi na moja. Alhamisi ninaanza nayo.

Pikseli_Tandika:

Shikamoo Bi_Pindo. Yetu ni tisa, na mbili zinapingana, kuna bilaMstari na kuna mstariMnene, nimejaribu kuziwasha zote mbili skrini ikawa nyeupe.

Kikao kimeisha. Bosi kakubali saa nne kila Jumatano na kakubali tusianze upya, kilichombadilisha nadhani ni ile A3 ukutani, aliisimamia dakika nzima bila kusema kitu akauliza zote hizi ni zetu. Sheria ya kukataa heksi mpya imewashwa jana jioni. Kisanduku cha kiasi cha fedha ndo cha kwanza kuunganishwa, kabla ya rangi, wote tumekubaliana, na kitaweka koma.

Na nimemwomba yule kijana wa BataniMikopo awe mwenye batani, jina lake limeshaandikwa kwenye faili. Alidhani namwita kumgombeza. Tumekaa naye tukalinganisha zote 14, ya kwake ndo pekee inayobeba maneno marefu na maandishi yaliyokuzwa bila kukatika, kwahiyo ya kwake ndo inachukua jina la Batani, na ile ya 120 imewekewa onyo leo, inaondoka tarehe 30 mwezi ujao.